Duara Jekundu kwenye Ramani: Kombora la Kutungulia Ndege Hufika Wapi Hasa?

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na nyote mlioketi hapa, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Naanza na ramani niliyoibandika ukutani. Nimeweka nukta moja, nikaizungushia duara jekundu ambalo ukilipima kutoka katikati hadi ukingoni ni kilomita 400. Picha kama hii mmeiona mara nyingi magazetini na kwenye televisheni, kila nchi fulani inaponunua mtambo wa kutungulia ndege wa S-400 wa Urusi. Duara linachorwa, kisha mtangazaji anatuambia kwamba chochote kitakachoruka ndani yake kitatunguliwa. Eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba laki tano. Ukilitazama, unadhani anga yote ile imefungwa kufuli.

Nimefundisha fizikia kwa miaka mingi, na duara hili linanikera. Namba yenyewe haina kosa: kombora la 40N6 la mfumo huo limetengenezwa lifike huko. Kinachonikera ni kwamba namba hiyo inajibu swali moja, nasi tunaitumia kujibu maswali yote. Kombora linafika kilomita 400 dhidi ya nini? Shabaha ikiwa kimo gani? Ikija au ikikimbia? Usipouliza hayo, kulinganisha S-400 na Patriot, mtambo wa Marekani, kwa kilomita ni kama kulinganisha wavuvi wawili kwa urefu wa kamba zao, bila kuuliza nani ana ndoano na nani ana wavu. Kwa hiyo leo nataka tulifute duara hili kipande kwa kipande, tuone kitakachobaki.

Kizuizi cha kwanza ni dunia yenyewe. Mawimbi ya rada husafiri karibu katika mstari ulionyooka, na dunia imepinda. Kilicho chini ya upeo hakionekani, hata rada iwe na nguvu kiasi gani. Ipo kanuni fupi ambayo naomba kila mmoja aiandike. Chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, ongeza kipeuo cha pili cha kimo cha shabaha kwa mita, kisha zidisha jumla kwa 4.12. Jibu ni umbali, kwa kilomita, ambao mstari wa rada unaweza kufika kabla dunia haijauziba. Hiyo 4.12 imeshahesabu kwamba hewa hulipinda wimbi kidogo kulifuatisha mkunjo wa dunia.

Tuhesabu pamoja. Antena iko mita 10 juu ya ardhi, na ndege ya abiria inapita mita 10,000. Kipeuo cha 10 ni 3.16, cha 10,000 ni 100. Tukizidisha tunapata kama kilomita 425. Vizuri, duara letu limesimama. Sasa ishushe ndege hadi mita 1,000: zinabaki kilomita 143. Weka badala yake kombora la kruzi, lile linaloruka kama ndege, linaloambaa mita 50 juu ya ardhi: kilomita 42. Tumetoka 400 hadi 42 na bado hatujaligusa kombora la kutungulia lenyewe! Kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, kombora hilo la kruzi litakuwa juu ya vichwa vya askari wa rada baada ya dakika tatu na ushei. Na hapo nimechukulia kwamba ardhi ni tambarare. Weka kilima mahali pabaya, dakika tatu zinageuka sekunde.

Ukiigeuza hesabu hiyo utaona jambo jingine. Ili rada hiyo hiyo ione kitu kilomita 400 mbele, kitu hicho lazima kiwe kimo cha karibu mita 8,800. Rubani wa kivita anayejua kazi yake hatapita kimo hicho mbele ya S-400. Wanaopita huko ni ndege kubwa za kujazia mafuta angani, ndege za upelelezi na zile zilizobeba rada mgongoni. Hao ndio walengwa wa zile kilomita 400. Kombora lile lina manufaa makubwa, kwa sababu linazisukuma mbali ndege ambazo bila yake zingesaidia wengine kushambulia. Lakini hiyo ni kazi moja mahususi, na ukuta wa kuzuia kila kitu ni jambo lingine.

Mtu atauliza: si tuinue antena? Warusi wana mnara wa kuibebea rada hadi zaidi ya mita 20. Rudieni hesabu kwa mita 24 na shabaha ya mita 50: mtapata kilomita 49 badala ya 42. Kazi yote ya kusimamisha mnara imetuzidishia kilomita saba. Dawa halisi ni kuipandisha rada angani, ndani ya ndege, na kuwa na kombora lenye rada yake puani ili litafute shabaha lenyewe mwishoni mwa safari. Jeshi la Wanamaji la Marekani limefuata njia hiyo kwa kombora la SM-6: meli inaweza kurusha dhidi ya shabaha ambayo yenyewe haiioni, kwa taarifa kutoka kwa ndege iliyo mbali. Hapo masafa yamekuwa mali ya mtandao wa vifaa vingi. Ukiuondoa mtandao huo, kombora lile lile linarudi kwenye upeo wake mfupi.

Septemba 14, 2019, droni na makombora ya kruzi yalipiga mitambo ya mafuta ya Abqaiq na Khurais nchini Saudi Arabia. Nchi hiyo ilikuwa na Patriot, tena nyingi. Lakini rada ya Patriot ya wakati ule hutazama upande mmoja, kipande cha kama nyuzi 120, na wajibu wake mkubwa ni vitu vinavyotoka juu. Vilivyokuja siku hiyo vilikuja chini. Siku zilizofuata nilisikia watu wakisema Patriot ni kopo tupu. Sikukubaliana nao. Chombo kiliulizwa swali ambalo hakikutengenezwa kulijibu.

Tuingie sasa kwenye kombora. Wengi hudhani kombora huenda likisukumwa na moto mpaka mwisho. Kwa makombora mengi ya kutungulia ndege, injini huwaka sekunde chache tu, na baada ya hapo kombora linaserereka kwa kasi iliyobaki, kama jiwe lililorushwa. Hewa inaipunguza kasi hiyo, na kila kona inaipunguza zaidi. Kombora lililo mwishoni mwa masafa yake limechoka. Linaweza kuifikia ndege ya mizigo inayokwenda bila kupinda, lakini ndege ya kivita ikikata kona kali italipiga chenga.

Halafu kuna suala la kuja na kwenda. Chukueni kombora lenye wastani wa mita 900 kwa sekunde, na ndege ya mita 300 kwa sekunde iliyo kilomita 100 mbele. Ndege ikija moja kwa moja, watakutana baada ya sekunde 83, na kombora litakuwa limesafiri kilomita 75 tu. Ndege ikigeuza mgongo sekunde ile ile kombora linaporushwa, kombora litahitaji sekunde 167 na kilomita 150 kuifikia. Ndege ni ile ile na kombora ni lile lile, lakini safari imekuwa mara mbili. Ndiyo maana rubani anayepata onyo mapema hageuki kwa woga: anageuka kwa hesabu. Na ndiyo maana jedwali linaloandika "masafa: kilomita 150" bila kutaja shabaha inaelekea wapi limeacha nusu ya habari.

Kipande cha tatu ni mwangwi, na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu ndipo moyo wangu ulipo. Rada hupiga kelele na kusikiliza mwangwi. Nguvu ya mwangwi hupungua kwa kipeo cha nne cha umbali: umbali ukiwa mara mbili, mwangwi unakuwa sehemu moja ya 16. Geuza sentensi hiyo. Ukitengeneza ndege ambayo mwangwi wake ni sehemu moja ya 16 ya ndege ya kawaida, rada itaiona kwa nusu ya umbali. Ukipunguza mwangwi mara elfu kumi, umbali unakuwa moja ya kumi. Kwa hiyo ndege zinazosifiwa kuwa hazionekani huonekana, ila kwa kuchelewa. Duara la kilomita 200 linakuwa la kilomita 20.

Usiku wa Machi 27, 1999, NATO ilipokuwa ikiishambulia Yugoslavia, karibu na kijiji cha Buđanovci nchini Serbia, kikosi kilichoongozwa na Zoltán Dani kilitungua ndege ya Marekani aina ya F-117, iliyokuwa fahari ya teknolojia ya kujificha. Kilitumia nini? S-125 Neva, mtambo ulioingia kazini mwaka 1961, wenye masafa ya kama kilomita 25. Ukilinganisha kwa jedwali, babu huyu angekuwa wa mwisho. Lakini kikosi kile kilikuwa na rada ya zamani ya mawimbi marefu, ambayo umbo la F-117 haliidanganyi kama linavyozidanganya rada za mawimbi mafupi. Askari wake waliwasha rada ya kulengea kwa sekunde chache tu kila mara, kisha wakaizima, kwa sababu kuna makombora yanayofuata mawimbi ya rada hadi yalikotoka. Walihamahama bila kuchoka. Na ndege za Marekani, kwa upande wao, zilikuwa zimezoea njia zile zile usiku hadi usiku. Kombora lilirushwa shabaha ikiwa karibu, umbali usiofika kilomita 20. Rubani, Dale Zelko, alitoka salama na akaokolewa; miaka baadaye yeye na Dani walikutana. Nikitaka kumweleza mwanafunzi maana ya uwezo wa mtambo, simwonyeshi S-400. Namwambia habari za kikosi hiki, kilichopigwa mabomu majuma kadhaa bila kupoteza nidhamu ya kuzima rada.

Kinyume chake kiko kwenye Bonde la Bekaa nchini Lebanon, Juni 9, 1982. Syria ilikuwa na vikosi 19 vya makombora pale, vingi vikiwa vya Kub, mtambo wa Kisovieti ambao miaka tisa nyuma, katika vita vya Oktoba 1973, uliziumiza sana ndege za Israel. Mitambo haikuwa mibovu. Lakini ilikaa mahali pamoja kwa muda mrefu, rada zake zikasikilizwa na kurekodiwa. Siku ilipofika Israel ilitanguliza droni zilizojifanya ndege. Rada zikawashwa, na zilipowashwa zikapigwa. Vikosi 17 viliharibiwa ndani ya saa chache. Kilomita zilizoandikwa kwenye vitabu vya Kub hazikuwa zimepungua hata moja.

Hata kombora lisilopiga lina kazi yake, na jedwali haliwezi kuionyesha. Mei 1, 1960, S-75, kombora la Kisovieti, iliitungua U-2, ndege ya upelelezi ya Marekani iliyorushwa na rubani Francis Gary Powers, karibu na mji wa Sverdlovsk, ikiwa kimo cha kama kilomita 21, mahali ambapo Wamarekani waliamini hapafikiki. Miaka mitano baadaye S-75 hizo hizo zilikuwa Vietnam Kaskazini. Marubani wa Marekani walijifunza kuzikwepa kwa kushuka chini, na huko chini wakakutana na mizinga. Makombora mengi yalikosa shabaha, lakini yalikuwa yamewaswaga marubani hadi kwenye midomo ya bunduki. Utaziandika wapi hizo kwenye safu ya kilomita?

Sasa tuje kwenye swali ambalo wengi mmelileta hapa: Patriot au S-400? Nitauliza: Patriot ipi? Kombora la PAC-2 hupasuka karibu na shabaha na kuirushia vipande vya chuma. Dhidi ya ndege hufika kama kilomita 160. PAC-3 ni dogo zaidi, hufika karibu zaidi, na huigonga shabaha yenyewe kwa mwili wake. Anayesoma jedwali atasema PAC-2 ni bora. Lakini kombora la balistiki, lile linalopanda juu sana kisha kuanguka kwenye shabaha, linaposhuka kwa kasi ya kilomita nzima au zaidi kwa sekunde, vipande vya chuma vinaweza kulipinda tu huku kichwa chake cha mlipuko kikiendelea kuanguka mjini. Kuligonga ana kwa ana hulivunja. Kwa hiyo toleo jipya lenye mkono mfupi ndilo lililonunuliwa kwa fedha nyingi, na kwa haki. S-400 nayo ni familia ya makombora: 9M96 za kilomita 40 hadi 120, 48N6 ya 250, na ile 40N6 ya 400. Anayelinganisha 40N6 na PAC-3 analinganisha mkuki na ngao.

THAAD, mtambo wa Marekani wa kuzuia makombora ya balistiki, ndiyo mfano ninaoupenda zaidi. Inafika kama kilomita 200, na inafanya kazi kati ya kimo cha kilomita 40 na 150. Sikilizeni namba ile ya chini: kuanzia 40. Ndege ya kivita iliyo kilomita 10 juu yake iko salama kabisa dhidi ya THAAD. Upande wa pili kuna Iron Dome ya Israel, iliyotungua roketi kwa mara ya kwanza Aprili 2011, ikishughulika na vitu vinavyotoka kilomita 4 hadi 70. Uwezo wake mkubwa hauko kwenye kombora. Kompyuta yake hukokotoa roketi itaangukia wapi, na kama ni uwanja mtupu, inaiacha ianguke. Kujua nini usikipige ni uwezo pia.

Uwezo huo unahusiana na idadi, jambo ambalo limekuwa wazi mno tangu Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022. Kirushio cha Patriot hubeba makombora manne ya PAC-2, au 16 ya PAC-3 ya kwanza, au 12 ya toleo jipya la MSE. Yakiisha, kirushio ni gari la kawaida mpaka yaletwe mengine. Kombora moja la MSE hugharimu kama dola milioni nne. Droni ya Shahed, ya asili ya Iran, ambayo Urusi huirusha Ukraine, hukisiwa dola elfu kumi kadhaa. Nchini Ukraine, chombo kilichosifiwa sana dhidi ya droni hizo ni Gepard ya Ujerumani, kifaru chenye mizinga miwili ya milimita 35, kilichobuniwa zama za Vita Baridi, kinachofika kilomita chache tu. Na Ukraine hiyo hiyo, Mei 2023, ilitumia Patriot kutungua kombora la Kinzhal la Urusi juu ya Kyiv. Gepard isingeweza hilo. Kila kimoja kilifanya ambacho mwenzake hakiwezi.

Nakuja kwenye kipande ambacho sijawahi kukiona katika jedwali lolote, na ndicho kilichonifanya niombe kuzungumza leo. Mtambo unajuaje kwamba kile unachokiona ni adui?

Julai 3, 1988, meli ya kivita ya Marekani USS Vincennes iliitungua ndege ya abiria ya Iran Air, safari namba 655. Watu 290 walikufa. Ndege ilikuwa inapaa. Ndani ya meli, katika taharuki, waliamini ni ndege ya kivita ya F-14 inayoshuka kuwashambulia, ingawa kumbukumbu za mtambo wao wenyewe zilionyesha inapaa. Oktoba 4, 2001, kombora la S-200 lililorushwa na Ukraine kwenye mazoezi liliikuta ndege ya Siberia Airlines juu ya Bahari Nyeusi, zaidi ya kilomita 200 kutoka liliporushwa, watu 78. Hapo tazameni: masafa marefu, yale yale tunayoyasifia, ndiyo yaliyoiingiza ndege ile katika hatari. Machi 23, 2003, Patriot iliitungua Tornado, ndege ya kivita ya Uingereza, iliyokuwa ikirudi kutoka kazini. Wote wawili waliokuwemo walikufa. Julai 17, 2014, mtambo wa Buk uliitungua MH17, ndege ya abiria ya Malaysia, mashariki mwa Ukraine; watu 298. Januari 8, 2020, ndege ya abiria ya Ukraine ilitunguliwa na mtambo wa Iran wa Tor dakika chache baada ya kupaa kutoka Tehran, watu 176. Ripoti ya Iran ilisema mtambo ulikuwa umehamishwa, na mwelekeo wake haukurekebishwa ipasavyo.

Rudini kwenye mifano hiyo mmoja mmoja. Kombora lilifika na rada iliona. Kwa vipimo vya jedwali, mitambo hiyo ilifaulu.

Kuna kosa jingine dogo zaidi, ambalo kila mwanafunzi wa hesabu anapaswa kulijua. Februari 25, 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, huko Dhahran, Saudi Arabia, kikosi cha Patriot kilikuwa kimewashwa kwa saa 100 mfululizo bila kuzimwa. Saa ya ndani ya kompyuta ilikuwa inakata tarakimu kidogo kila sehemu ya sekunde, na kosa lilikuwa limejikusanya hadi sekunde 0.34. Kwa kasi ya Scud, kombora la balistiki lililorushwa na Iraq, muda huo ni zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ukatazama mahali pasipo na kitu, haukurusha kombora hata moja, na wanajeshi 28 wa Marekani walikufa kambini. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran kesho yake.

Basi, tulichore upya. Kijana mmoja anisaidie na chaki. Anza na bakuli badala ya duara: mdomo mpana juu, kilomita mia nne kwa vile vinavyopita karibu mita elfu tisa, na chini liwe jembamba, kilomita arobaini. Acha tundu katikati, juu kabisa ya mtambo, ambako rada haitazami. Lipunguze bakuli hilo kwa ndege yenye mwangwi mdogo, na lipunguze tena kwa ndege iliyogeuza mgongo. Pembeni andika idadi ya makombora yaliyomo kwenye virushio, kwa sababu bakuli litadumu mpaka yaishe. Kisha chora njia za ndege za abiria zinazopita ndani yake, zote, kwa rangi ya buluu. Anza na hizo za mashariki, ndizo nyingi zaidi.